Nani atalalia mayai yako? Kuku, kuvezi, sanduku la taa na mashine ya jirani kwa wafugaji wa Lubumbashi

Mwezi wa nane uliopita jirani yangu wa Katuba aliingia kwangu na beseni lenye mayai 24, amelifunika kitenge. Aliuliza swali moja tu: "Yaya, ninunue kuvezi ao niyaachie kuku?" Kuvezi ni mashine ya umeme ya kutotolea mayai. Kabla ya kumjibu nikamuuliza na mimi: "Umeme ukikatika saa nane za usiku, nani kwako ataamka?"

Yai la kuku linahitaji siku 21 mpaka kifaranga atoke. Wengi wetu tunazihesabu siku hizo kwa mchana: mayai nitayatoa wapi, mashine ni bei gani, vifaranga nitamuuzia nani. Mimi nimetotolesha kwa kuku, kwa mashine ya umeme na kwa sanduku la taa, na nimewahi kupeleka mayai kwa mwenye mashine kubwa. Vifaranga wangu waliofia ndani ya yai, wengi wao walikufa usiku. Ndiyo sababu nalinganisha njia hizi nne nikianzia hapo.

Kwanza, yai lenyewe

Hakuna njia inayoweza kutoa kifaranga katika yai lisilorutubishwa. Mayai ya plato, yaani ya trei, yanayopangwa hapa mjini kwenye soko la Kenya au soko la Mzee Kabila, na yale yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, hutoka kwa kuku wa mayai waliofungiwa bila jogoo. Hayo ni ya kukaanga. Ukiyaweka siku 21 yataoza, na lawama itaiangukia mashine bure.

Tafuta mtu mwenye jogoo, na uende ukamwone jogoo huyo kwa macho yako. Jogoo 1 kwa majike 8 hadi 10 ni hesabu nzuri. Ukikuta majike 25 na jogoo mmoja mzee anayechechemea, tarajia mayai mengi matupu. Muuzaji akikuambia jogoo aliuzwa juzi, usikimbie mara moja, kwa maana jike hubaki na mbegu mwilini kwa siku 10 hivi, hata wiki mbili, na mayai yake ya siku za kwanza bado yana uhai. Kwa sababu hiyohiyo, kama wewe mwenyewe umebadilisha jogoo ili upate mbegu nyingine, ngoja wiki 3 ndipo uanze kukusanya mayai ya kutotolea, la sivyo utapata watoto wa jogoo wa zamani.

Mayai ya kijijini, yanayoingia mjini kwa baiskeli au kwa lori kwenye barabara ya Kasenga na ya Likasi, karibu yote yana mbegu, kwa kuwa kuku wa kule hutembea pamoja na majogoo. Taabu yake ni umri na mtikisiko. Mama anayeyauza ameyakusanya mawili kwa huyu na matatu kwa yule, kwa hiyo yai la jana linalala kapu moja na la wiki tatu zilizopita. Uwezo wa yai kutotolewa huanza kushuka baada ya siku 7, na baada ya siku 10 hushuka kwa kasi. Ukinunua mayai yaliyosafiri, yasimamishe, ncha nyembamba ikitazama chini, uyapumzishe nusu siku hadi siku nzima kabla ya kuyaweka kwenye joto.

Kuna jaribio ambalo naona watu wanalionea uchungu, nami siachi kulifanya. Katika mayai 12 vunja 2 kwenye sahani. Juu ya kiini kuna doa jeupe. Likiwa na duara safi, kama pete ndani ya pete, yai lina mbegu. Likiwa dogo, jeupe tupu, na kingo zake zimechanika ovyo, halina. Yote mawili yakiwa matupu, usilipie mengine. Mayai hayo hayapotei, yaende kwenye kikaango.

Usiyaoshe. Maji baridi huuvuta uchafu kupitia vitundu vya ganda mpaka ndani. Lenye tope kidogo lifute kwa kitambaa kikavu, na lenye kinyesi kingi liache. Usiyatie kwenye friji pia. Mayai yanayongoja hukaa vizuri kwenye nyuzi 12 hadi 18. Mwezi wa sita na wa saba nyumba zetu zenyewe zina ubaridi huo, lakini mwezi wa kumi, jua la mchana likipita nyuzi 30, yai lililoachwa kwenye kabati huanza kuumba mtoto taratibu, kisha mtoto huyo anadhoofika. Mimi huyaweka ndani ya chungu juu ya mchanga wenye unyevu, kwenye chumba kisichopata jua, na mayai nayakusanya asubuhi na jioni.

Tutakavyopima

Kila njia nitaiuliza mambo yaleyale: usiku ni wa nani, joto linatoka wapi, inabeba mayai mangapi, fedha zinatoka lini, nini huharibika mara nyingi, na vifaranga wakitoka nani atawatunza.

Njia ni nne, mahitaji ya yai ni yaleyale. Mashine yenye feni inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8. Chombo kisicho na feni hupimwa usawa wa mgongo wa mayai, nyuzi 38.3 hadi 38.9, kwa kuwa hewa moto hupanda na sehemu ya chini ya yai hupata pungufu. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18, kisha 65 hadi 70. Mayai yageuzwe angalau mara 3 kwa siku, na kuanzia siku ya 18 yasiguswe tena. Hewa safi iingie wakati wote, kwa sababu mtoto anapumua kupitia ganda.

Kipimo cha joto nacho kipimwe. Nimesikia watu wakisema kitie kwenye maji yanayochemka, kikisoma 100 ni kizima. Kwetu jambo hilo halifai. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwa hiyo kipimo kizima kitaonekana kibovu. Chukua kipimo cha homa cha dijitali, kile cha duka la dawa, ukitie pamoja na kipimo chako kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 au 38, ulinganishe. Kipimo cha unyevu, kifungie ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kifuniko cha chupa chenye chumvi iliyoloweshwa mpaka iwe kama uji mzito. Baada ya saa 8 au zaidi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 70, kila siku utaongeza 5 kichwani.

Siku ya 7 zima taa, weka yai juu ya tochi ya simu. Ukiona mishipa imetawanyika kama miguu ya buibui, mtoto yumo. Yai likiwa angavu lote ni tupu, na ukiona pete ya damu, mtoto alianza akafa. Yatoe yote yasiyofaa, kwa sababu yai bovu likipasuka ndani huchafua wenzake.

1. Kuku mwenyewe

*Usiku.* Ni wa kuku. Anageuza mayai mara nyingi kwa siku na usiku, anasogeza ya pembeni katikati, anayafunika kwa ngozi ya kifua alichokinyonyoa manyoya. Wewe unalala.

*Joto.* La mwili wake. Delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, haimhusu, na katika mji ambao mtaa mmoja unaweza kukaa gizani huku wa pili unawaka, hilo si jambo dogo.

*Idadi.* Kuku wa kienyeji hufunika mayai 10 hadi 12. Mwezi wa sita na wa saba, usiku unaposhuka chini ya nyuzi 10, mimi simpi zaidi ya 9, maana yai linalotokeza pembeni hupoa, naye akilizungusha kuja katikati linatoka lingine, mwishowe yote yanapata baridi kwa zamu. Bata wale wenye uso mwekundu wanaweza kufunika mayai ya kuku 20 bila shida, na ukimlalisha bata kwenye mayai ya kuku atatotoa siku ya 21 kama kawaida, ingawa mayai yake mwenyewe huchukua siku 35.

*Fedha.* Karibu hakuna za mwanzo kama kuku unaye. Lakini kuna fedha usizoziona. Kuku anayelalia na kisha kulea hatagi kwa miezi 2 au 3. Ukiwa na majike 3 tu, na wote wakilalia, umekosa mayai ya nyumbani kwa muda huo wote.

*Kinachoharibika.* Cha kwanza ni kumlazimisha. Kuku hulalia anapotaka yeye. Utamjua kwa kubaki kwenye kiota hata usiku, kuvimba manyoya, kulia ile sauti nzito ukimsogelea, na kurudi mbio ukimtoa. Mjaribu siku 2 juu ya mayai mabovu kabla ya kumpa mazuri, na ukimhamisha, mhamishe usiku. Cha pili ni wenzake: majike wengine huja kutagia mlemle, na siku ya 21 unakuta mayai ya umri tofauti, mama anaondoka na watoto wa kwanza, wengine wanafia kwenye ganda. Yaandike mayai yako kwa penseli, lolote lisilo na alama litoe kila jioni. Cha tatu ni wadudu. Utitiri humnyonya kuku mpaka anakimbia mayai siku ya 15. Kiota kipya, nyasi kavu, na shimo la majivu karibu pa kujigaragazia hupunguza sana. Chakula na maji viwe hatua chache tu kutoka kwenye kiota. Akitoka dakika 15 au 20 kwa siku usihangaike, ndivyo anavyofanya.

*Vifaranga.* Hapa kuku anazishinda mashine zote. Anawapa joto, anawafundisha kuchakura, anawaita chini ya mabawa. Hununui makala, yaani mkaa, ya kuwapasha moto. Ila katika lupango, yaani uwanja wa nyumba, isiyo na banda, mwewe na panya watakula sehemu yako.

*Anamfaa nani.* Mwenye mayai chini ya 15, asiye na uhakika wa umeme, anayetoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni. Hamfai anayetaka vifaranga 50 wa umri mmoja kwa tarehe aliyoiahidi.

Kuna ujanja ambao bibi zetu waliujua. Lalisha kuku wawili siku moja. Vifaranga wakitoka, usiku watie wote chini ya mmoja, na wa pili atarudi kutaga mapema. Fanya gizani, na wote wawe wa siku moja au mbili. Mchana atawadonoa wageni.

2. Kuvezi ya umeme

*Usiku.* Ni wa mashine mpaka umeme ukatike. Ukikatika, ni wako. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, chukua daftari na uandike kwa wiki 3 umeme wa mtaa wako unaondoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Wiki 3 ndio muda wa yai. Daftari hilo litakushauri vizuri kuliko muuzaji.

*Joto.* Mashine ndogo za mayai 48 au 56 huandikwa wati 60 hadi 100. Haivuti zote muda wote, maana ikishapata joto inawasha na kuzima. Tuseme kwa wastani inatumia wati 40. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini betri za asidi zisikamuliwe zaidi ya nusu, kwa hiyo una 600, na kigeuza umeme kinakula kidogo humo. Hapo unapata saa 12 hivi, yaani usiku mmoja. Kama mtaa wako hukaa siku 2 gizani, betri peke yake haitoshi, utahitaji paneli ya jua ya kuijaza mchana. Mwezi wa kwanza na wa pili, mawingu ya mvua yakitanda siku nzima, hata paneli huchoka.

Umeme ukikatika na huna betri, usifadhaike kiasi cha kuharibu zaidi. Funika mashine kwa blanketi, acha vitundu vya hewa wazi, usifungue mfuniko kuchungulia. Baridi ya saa kadhaa huchelewesha watoto, na huenda ikaua baadhi, lakini haimalizi wote. Baada ya wiki ya pili watoto wenyewe wanatoa joto. Joto kali ndilo linaloua haraka. Nimewahi kupoteza mayai karibu yote kwa sababu niliweka chupa za maji ya moto ndani wakati wa giza, umeme ukarudi nikiwa usingizini, na chupa na mashine zikapika pamoja. Tangu siku ile, chupa zangu hujazwa maji ya nyuzi 40 tu, na simu inaniamsha kila saa 2.

*Idadi.* Dazeni 4 au zaidi, wote wa siku moja. Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa anayeuza.

*Fedha.* Zote za mwanzo: mashine, betri, na kifaa cha kutuliza umeme, maana umeme wetu hupanda na kushuka na unaunguza kidhibiti joto. Anayenunua mashine tu, akaacha hivyo viwili kwa kusema ataongeza baadaye, amenunua nusu ya kitu.

*Kinachoharibika.* Namba inayowaka mbele ya mashine huweza kudanganya kwa nyuzi nzima. Weka kipimo chako ulichokilinganisha, kilale juu ya mayai. Dalili unazipata mwisho: wakitoka siku ya 19 au 20 na vitovu havijafunga, joto lilizidi. Wakichelewa mpaka siku ya 22 au 23, wavivu na wamevimba tumbo, lilipungua. Kuhusu unyevu, majira yetu yanabadilisha kila kitu. Toka mwezi wa tano mpaka wa tisa hewa ni kavu, maji ya bakuli yanaisha haraka, na mwishoni utando wa ndani unakauka na kumshika mtoto kama karatasi. Mwezi wa kwanza ni kinyume, hewa imejaa maji, na ukijaza bakuli zote kama kitabu cha mashine kinavyosema, yai halipotezi maji yake na mtoto anazama ndani. Pima kwa mizani ya jikoni. Yai linapaswa kupoteza karibu asilimia 12 au 13 ya uzito wake kufikia siku ya 18, kwa hiyo yai la gramu 45 lifike 39 au 40. Mizani haidanganywi na majira.

Siku 3 za mwisho usifungue. Najua kelele za vifaranga ndani zinavyovuta mkono. Mfuniko ukiinuliwa unyevu unatoroka, na aliyekwisha kutoboa ganda anakwama. Aliyetoka anaweza kukaa siku 2 hivi bila chakula, kiini alichokivuta tumboni kinamlisha.

*Vifaranga.* Hawana mama. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Usiku wa umeme kukatika unaendelea wiki nyingine 3 au 4 baada ya kutotoa, na hili wanunuzi wengi wa kuvezi hawalihesabu. Wakirundikana wana baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo wana joto, wakitawanyika na kulala ovyo wako sawa.

*Anamfaa nani.* Mwenye mayai mengi ya uhakika, mwenye betri, na nyumba yenye mtu mchana na usiku. Anayefanya mara moja kwa mwaka asijifunge na gharama hii.

3. Sanduku la taa au la maji ya moto

Watu wa Misri walitotolesha maelfu ya mayai kwa tanuri za udongo, moto wa majani makavu na samadi, kabla ya umeme kujulikana, na walipima joto kwa kugusisha yai kwenye kope la jicho. Kwa hiyo njia hii si ya kudharauliwa. Lakini wale walikuwa mafundi, wakilala ndani ya jengo lenyewe.

*Usiku.* Ni wako wote. Kila saa 3 au 4 unaamka kutazama utambi, au kubadilisha bidoni, yaani dumu, la maji ya moto. Siku 21.

*Joto.* Sanduku la mbao lenye kuta mbili, katikati umeshindilia vumbi la mbao, chini taa ya mafuta ya taa, yale ambayo kwetu tunayaita petroli, si ya gari, au bidoni la maji ya moto lililofunikwa gunia. Moshi wa taa usiingie kwa mayai. Taa ikae kwenye chumba chake cha chini, na bomba litoe moshi nje. Na tafadhali, nasema hili nikiwa na uchungu: usiwashe mbabula, yaani jiko, ya makala ndani ya chumba mnacholala mkiwa mmefunga madirisha ili mayai yasipoe. Gesi ya makala haina harufu wala haionekani, na inaua watu usingizini. Mayai hayana thamani hiyo.

*Idadi.* 20 hadi 40 kwa sanduku la kawaida. *Fedha* ni kidogo mwanzoni, kisha zinatoka kidogo kidogo kila siku kwa mafuta au makala ya kuchemshia maji. Ziandike, maana jumla ya siku 21 hushangaza watu.

*Kinachoharibika.* Joto kuruka, nyuzi 36 alfajiri na 40 mchana. Sanduku likae chumba cha katikati ya nyumba, mbali na bati lenye jua. Liwashe kwa siku 2 bila mayai mpaka ujifunze tabia yake. Kugeuza ni kwa mkono, kwa hiyo andika X upande mmoja na O upande wa pili, ugeuze mara 3 au 5 kwa siku, ili upande unaolala usiku usiwe uleule kila siku.

*Vifaranga* watalelewa kama wa kuvezi, tena bila umeme.

*Anamfaa nani.* Familia kubwa yenye watu wa kupokezana zamu, mahali ambapo umeme haufiki kabisa na kuku mlalizi hayupo. Mtu anayeishi peke yake simshauri.

4. Mashine ya mtu mwingine

Usiku unaununua. Wenye mashine kubwa za jenereta hupokea mayai ya watu, wakilipwa kwa yai au kwa sehemu ya vifaranga. Malipo kwa yai huhesabiwa kwa lililoingia, litotolewe au lisitotolewe, kwa hiyo lile jaribio la kuvunja mayai 2 linakuokolea fedha hapa kuliko popote. Malipo kwa sehemu ya vifaranga yana heri yake: naye anataka yafanikiwe.

Idadi yoyote inawezekana, na gharama ya mwanzo ni nauli tu. Kinachoharibika ni kuchanganyika. Nilipeleka mayai mahali fulani nikapewa vifaranga ambao si wa jogoo wangu, na sikuwa na alama ya kuonyesha. Andika jina kwenye kila yai, ukubaliane kwamba siku ya 18 yako yatawekwa trei yake peke yake. Tazama pia usafi. Ganda kuukuu na manyoya vikiwa bado chini ya mashine kutoka safari iliyopita, rudi na mayai yako, kwa sababu magonjwa ya vifaranga hupita humo toka kundi la mtu mmoja kwenda la mwingine.

Inamfaa anayejaribu kwa mara ya kwanza, na mwenye mayai mengi mara mbili au tatu kwa mwaka. Kama uko mbali, Kipushi kwa mfano, hesabu mashimo ya barabara unapoyapeleka na unaporudi na vifaranga wa siku moja.

Kwa hali yako

Una kuku mmoja anayelalia sasa hivi na mayai machache: mpe yeye leo, mashine itafikiriwa siku nyingine. Fedha za kuvezi unazo lakini daftari lako linaonyesha giza la saa 10 kila usiku: nunua betri na paneli kwanza, zitakufaa hata kama mashine hutanunua. Mwezi wa sita na wa saba, kama wewe ni mpya, kusanya uzoefu kwa kuku au kwa mashine ya mtu, kwa maana baridi itakutesa zaidi kwenye kulea kuliko kwenye kutotoa. Vifaranga wanaotoka mwezi wa tisa wana usiku wa joto na ardhi kavu mbele yao, nao ndio wepesi kuwakuza. Mwenye wateja wanaongoja vifaranga wengi kwa tarehe moja, atahitaji kuvezi yake au mkataba na mwenye kubwa, na mtu wa kuamka. Na kwa yeyote kati ya hawa, tafuta daktari wa mifugo kabla vifaranga hawajatoka, akupangie chanjo ya Newcastle. Ile ya matone machoni hutolewa mara nyingi katika wiki ya kwanza. Ugonjwa huo ukiingia lupango, hauulizi kama walilelewa na mama au na betri.

Jirani yangu hakununua kuvezi. Katika mayai 24 tulivunja 2, yote yana pete. Kuku wake mwekundu alikuwa ameanza kulalia siku 3 kabla, tukampa 11. Mengine 11 tukayaandika jina, tukayapeleka Kampemba kwa mwenye mashine, yakaingia jioni ileile. Mwezi wa tisa, siku ya 21 ya mayai ilipofika, tulifuata vifaranga kwa kikapu, na usiku tukawasukuma mmoja mmoja chini ya mabawa ya yule mwekundu, juu ya wale wake. Asubuhi alitoka nao 16 uani, akaanza kuwachakuria bila kubagua. Mwenye kuku naye alikuwa amelala usiku wote 21.